Kilo Sitini na Moja

Nesi alipiga simu saa kumi na mbili kasorobo jioni, wakati Shangazi Waya anajisugua oili mikononi kwa sabuni ya unga na mchanga kidogo.

"Shangazi, samahani kukusumbua saa hizi. Gari langu linanidai mkanda."

"Si ufunge."

"Nimefunga wangu. Linadai wa abiria."

"Basi na abiria naye afunge."



"Sina abiria, Shangazi."

Shangazi Waya alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka lakini hana neno. Ilikuwa kazi ndogo. Kila kiti cha gari la siku hizi kina sensa chini yake, kitu chembamba kama karata, kinachopima kama pamekaliwa. Kikilowa soda au chai kinapayuka. Dakika kumi tu, halafu nyumbani. Akatia laptopu kwenye begi, akamwambia mdogo wake afunge gereji, akatoka.

Jina la Shangazi hakulipata kwa mafundi. Watoto wa mdogo wake ndio walioanza, maana kila wakitoka shule walipitia gereji kumsalimia, "Shangazi, shikamoo," mpaka mafundi wakadaka, wateja wakadaka, na mwisho hata wazee waliomzidi umri wakawa wanamwita hivyo hivyo. Waya liliongezwa kwa sababu ya kazi: miaka ishirini na mbili ya umeme wa magari.

Nesi alikuwa amemsubiri nyuma ya zahanati, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu anayeogopa kuporwa. Alisimama mbali na gari lake. Mbali kuliko inavyohitajika.

Shangazi akafungua mlango wa dereva, akaketi, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi.

Ti... ti... ti...

Akakipangusa kiti cha abiria kwa kiganja. Kikavu. Cha baridi, baridi ya saruji ya asubuhi, ingawa gari lilishinda juani. Na kulikuwa na harufu. Udongo uliolowa, na nyuma yake mpira uliounguzwa.

Akachomeka waya wa laptopu kwenye soketi ya chini ya usukani. Programu ikafunguka, ikasoma gari zima kwa kasi yake ile ya kupendeza, ikaleta orodha.

Kiti cha abiria: kilo 61.

"Sensa imekufa," alisema kwa sauti, ili Nesi asikie. Akainama, akapapasa chini ya kiti, akaipata soketi ya sensa, akaing'oa. Sasa kompyuta ya gari haikuwa na njia yoyote ya kujua kilichokaa pale. Akainua macho.

Kilo 61.

Halafu 60.

Halafu 61... 60... 61... 60...

Taratibu. Inapanda, inashuka. Shangazi aliitazama namba ile kwa muda kabla hajaelewa alikuwa ameshawahi kuona wapi mwendo wa namna hiyo. Aliuona kwenye kifua cha mtu aliyelala.

"Umeona?" Nesi alinong'ona dirishani. "Nimeona, au naota?"

Shangazi hakuondoa macho kwenye skrini. Alikuwa amegundua kwamba yeye mwenyewe anapumua kwa kufuatisha namba.

*

Programu ile ilikuwa na wiki tatu tu gerejini.

Mashine yake ya zamani ya kupimia magari ilikufa ghafla, na ile programu halali, inayouzwa na wakala wa magari pale mjini, bei yake ilimfanya acheke kwa uchungu. Wateja wakaanza kupungua. Fundi wa umeme asiyeweza kusoma kompyuta ya gari ni kama daktari aliyeibiwa masikio. Ndipo mtu akamwelekeza kwa Mtaalamu, mkarabati wa simu mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka. Mtaalamu alimuuzia flashi na maelekezo matatu: zima intaneti, zima kinga ya virusi, na kila itakachokuuliza kubali. Ilikuwa imechakachuliwa. Kuna mtu aliivunja kufuli, ikawa haidai leseni.

Siku ya kuiweka, mdogo wake alikaa kando akila ndizi mbivu. Shangazi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa, mtoto ana sita. Sasa alikuwa jitu la kilo mia na kitu, watu wakimwita Kibonge, fundi wa bodi na mjaribu magari wa gereji. Programu ilipouliza kitu kimoja cha mwisho, kisanduku kitupu chenye neno DRAIVA, Shangazi alidhani ni ile draiva ya waya, kiprogramu kinachoifanya kompyuta iutambue.

"Inataka jina," alisema.

"Andika langu, dada. Na mimi nitokee kwenye mashine japo mara moja."

Akaliandika jina lake kamili, lile la shule. Wakacheka. Programu ikafunguka.

Na ilifanya kazi, isikie hivyo hivyo! Ilizima taa sugu, ilisoma ufunguo mpya, ilirejesha mifuko ya hewa, ile inayofumka kwenye usukani ajali ikitokea. Magari kumi na moja yalipita mikononi mwake kwa wiki tatu. Gari la Nesi lilikuwa la tatu.

*

Asubuhi iliyofuata simu haikutulia.

Mwalimu wa sekondari alisema kila akiamka anakuta mkanda wa abiria umefungwa, na yeye analala gari likiwa limekomewa. Mwenye duka la dawa alisema mtoto wake amekataa katakata kukaa mbele. "Anasema pana mtu. Shangazi, wewe umefanya nini kwenye gari langu?" Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe uongo mzuri.

Dereva teksi hakupiga simu. Alipiga mkewe.

Shangazi alimkuta wodini, bega limefungwa, uso umevimba upande mmoja. Aliingiza gari kwenye ukuta wa ghala, barabara nyeupe, asubuhi kweupe, mwendo wa kawaida. Mfuko wa hewa haukufumka. Mfuko ule aliurejesha yeye Shangazi, na programu ilimwandikia kwa rangi ya kijani kwamba uko salama.

"Nisamehe, kaka," alianza.

Dereva teksi alimshika mkono. Alikuwa na jambo zito kuliko msamaha.

"Njoo karibu," alinong'ona. Shangazi akainama. "Ile kengele ya mkanda nilishaizoea. Nikawa nafunga mkanda ule juu ya kiti kitupu, inanyamaza. Leo haikunyamaza. Halafu nikasikia mtu anapumua. Huku, sikioni. Akanisogelea kama anayenikagua..."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Si wewe.'"

Wodi nzima ilikuwa na kelele za vyombo na wageni, lakini Shangazi hakuzisikia.

"Halafu akauliza, 'Yuko wapi?' Ndipo nilipoachia usukani. Ungekuwa wewe ungeshika?"

Alitoka hospitali. Akampigia mdogo wake. Hakumweleza mambo ya sauti. Alimwambia tu kwamba programu imeharibu mifuko ya hewa, watu watakufa, magari yote yarudi gerejini leo hii.

"Wanaoweza waje wenyewe. Wasioweza, wewe kayafuate. Anza na la Nesi, lipo nyuma ya zahanati."

"Sawa, dada. Usihangaike, nitayaleta yote."

Baadaye Shangazi angejiuliza mara elfu jinsi alivyoweza kuyasema maneno hayo kwa ulimi wake mwenyewe.

*

Mtaalamu alikuwa anachomelea simu aliposikia vishindo. Alimtazama Shangazi, akalitazama begi la laptopu, akaweka chini kichomeleo chake polepole.

"Ameanza kukaa," alisema.

Halikuwa swali.

"Nani? Ni nini ile uliyoniuzia?"

Mtaalamu alikuwa mwembamba, ana macho mekundu ya kukosa usingizi, na viatu vyake, Shangazi alivitazama bila kujua kwa nini, vilikuwa vimelika visigino mpaka kitambaa.

"Aliyeivunja kufuli alikuwa kaka yangu," alisema. "Fundi kama wewe. Alihangaika nayo miezi saba, imemshinda. Halei watoto, hali, yeye na kompyuta tu. Siku moja akaniambia amepata msaidizi. Nikamuuliza nani. Akasema hajamwona. Ni mtu anamwandikia tu, akiacha kompyuta wazi anakuta ameshajibu. Nikamwambia, kaka, intaneti si umeizima? Akasema ndiyo. Imezimwa."



"Alitaka nini, huyo msaidizi?"

"Kitu kimoja. Kwamba siku moja amwachie usukani."

Juu yao watu walikuwa wanapanda na kushuka ngazi, wakiongea mambo ya kawaida.

"Wiki ile ile programu ikafunguka. Kaka akaijaribu kwenye gari lake. Jioni wakalikuta bondeni. Yeye alikuwa kiti cha abiria, mkanda umefungwa. Kompyuta ya mifuko ya hewa huandika sekunde za mwisho, unajua hilo kuliko mimi. Mwendo, tisini na nne. Breki, haikuguswa. Kiti cha abiria, kilo sitini na moja, ndiyo uzito wake. Kiti cha dereva..."

"Sema."

"Sifuri. Lakini usukani ulikuwa unakata kona. Zote, mpaka ya mwisho."

Shangazi alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Programu ilibaki na gari lake tumboni," Mtaalamu akaendelea. "Kila gari unaloliunganisha nayo, inaliandikia sekunde zile. Hayo ndiyo maelezo ya kitaalamu, ukiyataka. Lakini gari halinong'oni. Kaka yangu yumo mle, Shangazi. Anatafuta mtu wa kushika usukani. Ile programu ilikuuliza jina?"



"Iliuliza draiva. Nilidhani..."

"Wote tunadhani. Uliandika la nani?"

 Shangazi alikuwa tayari anabonyeza simu.

"Mimi niliandika langu," Mtaalamu alikuwa anasema. "Mwaka wa pili huu sijapanda gari. Naenda kwa miguu hata mazikoni."

"Na bado ukaniuzia?"

"Nilidhani ikipata jina jingine itaniacha! Nina watoto, Shangazi..."

Simu ikapokelewa.

"Dada!" Sauti ya Kibonge, changamfu, na mngurumo wa gari nyuma yake. "Usijali, tumeshatoka zahanati. Tunakuja."

Shangazi alifumba macho.

"Tunakuja... wewe na nani?"

"Na huyu mjomba, sijui ni ndugu wa Nesi. Nimemkuta ameshakaa ndani. Mkimya kweli, hata salamu haitiki." Akashusha sauti. "Halafu anatetemeka, dada. Nadhani ni mgonjwa."

"Mdogo wangu, nisikilize. Simamisha gari. Sasa hivi. Shuka."

"Kuna nini?"

"Simama!"

 Kisha ile kengele. Ti... ti... ti... Kisha pumzi ya Kibonge, imebadilika.

"Dada. Breki haishiki."

"Vuta ya mkono."

"Nimevuta! Inaongeza mwendo, dada, sijakanyaga mafuta... Na huyu anasema jina langu. Jina langu lote. Anasema nishike usukani. Nimeshika! Nimeushika kwa mikono miwili, mjomba, si unaona? Anasema haoni mtu. Dada, anasema kiti changu hakina mtu!"

Mtaalamu alikuwa ameziba masikio.

Shangazi aliimwaga laptopu kutoka kwenye begi hadi juu ya meza, simu zilizofunguliwa zikatawanyika. Vidole vilivyoshika nyaya nyembamba kama unywele kwa miaka ishirini na mbili bila kutetemeka sasa havikuweza kupata herufi. Programu. Mipangilio. DRAIVA. Jina la mdogo wake lilikuwa pale, limekaa. Akalifuta. Likarudi. Akalifuta. Likarudi.

"Haikubali kuwa tupu," alinong'ona Mtaalamu. "Lazima..."

"Najua lazima."

"Usiandike lako! Shangazi, andika lolote, buni..."

"Nikibuni, kama kuna mtu mahali anaitwa hivyo?"

Kwenye simu Kibonge alikuwa hapigi kelele tena. Alikuwa anamwita mama. Mama waliyemzika yeye akiwa na miaka sita.

Shangazi akaandika jina lake mwenyewe, akabonyeza.

Kimya.

Hakuna mngurumo. Hakuna kengele.

"Mdogo wangu?" aliita. "Unanisikia?"

"Limesimama." Sauti ndogo, ya mtoto. "Dada, limezima lenyewe. Niko nje. Nimekaa chini hapa kwenye majani."

"Na yeye?"

Kibonge akavuta pumzi.

"Bado amekaa. Ameniuliza kama nakufahamu."

*

Ilikuwa saa nane mchana, jua la kichwa, barabara ya nyuma ya viwanda ambako hapakuwa na kitu ila ukuta mrefu na majani makavu. Shangazi alifika kwa kukimbia na kutembea, kutembea na kukimbia, begi la laptopu begani. Alimkumbatia mdogo wake, lile jitu lote.

"Tuondoke," Kibonge alisema. "Tuliache hapa, tulichome, sijui. Twende."

Shangazi alilitazama gari. Kwa nje lilikuwa tupu kabisa. Kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea katikati.

"Yapo mengine kumi," alisema. "Moja liko ukutani pale ghalani. Tisa yako njiani, na watu ndani. Sasa ananitafuta mimi. Kila dereva ataambiwa si wewe, na kila dereva ataachia usukani. Yule wa duka la dawa anabeba mtoto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anione. Basi. Aone kuna mtu ameshika, apumzike."

"Umerukwa na akili."

"Pengine. Tafuta mawe, uweke kwenye magurudumu."

Alifanya kazi kama fundi, kwa sababu kufanya kazi ndicho kitu pekee kilichomzuia kupiga kelele. Alifungua boneti, akang'oa fyuzi ya pampu ya mafuta, akaitia mfukoni ili injini isiweze kuwaka hata kwa miujiza. Kibonge akatia mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Akachomeka waya wa laptopu, akampa Kibonge mashine aishike akiwa nje, mlango wazi.

"Unisomee namba," alisema. "Usinifiche."

Akaketi kwenye kiti cha dereva.

Harufu ilimpokea. Udongo. Mpira. Na baridi ile, sasa ubavuni mwake upande wa kushoto, imekaribia kama mtu kwenye benchi lililojaa.

"Sitini na moja," alisema Kibonge. "Sitini. Sitini na moja."

Mkanda wa abiria ukavutika wenyewe, taratibu, ukapita hewani mahali palipopaswa kuwa na kifua, ukaingia kwenye kishikizo.

Klik.

Shangazi alishika usukani kwa mikono miwili. Akakanyaga breki mpaka chini. Hakugeuka kutazama. Kwenye kioo cha mbele, katika mwangaza wa jua, palitanda kidogo ukungu wa pumzi, upande ule usio na mtu.

"Ni mimi," alisema. "Ndilo jina langu. Nimekaa. Nimeshika usukani, na breki nimeikanyaga. Gari limesimama, fundi. Halitaenda mahali. Unaweza kushuka."

Kitu kilimgusa kwenye kiwiko. Vidole vya baridi, vinatetemeka, vikipapasa kama kipofu anayehakikisha.

Kisha sauti, karibu mno, imejaa machozi kiasi kwamba hofu yote ya Shangazi iligeuka huruma kwa sekunde moja.

"Kumbe yupo mtu..."

"Hamsini na nane," alisema Kibonge. "Arobaini. Dada, inashuka! Ishirini na tano. Kumi na mbili. Nne..."

Kiti cha abiria kikajiinua polepole, kama sponji inavyorudi ikiachiwa. Mkanda ukafunguka, ukarudi mahali pake. Harufu ikakatika. Ndani ya gari pakawa na joto la kawaida la gari lililokaa juani, na Shangazi Waya akaweka paji la uso kwenye usukani, akalia kwa sauti bila aibu.

"Sifuri," alisema Kibonge, naye analia na kucheka. "Amekwenda, dada! Abiria sifuri!"



Shangazi aliinua kichwa. Mdogo wake alikuwa ameikodolea macho laptopu, na kicheko kilikuwa bado usoni, kimesahauliwa pale.

"Nini?"

"Shuka, dada."

"Na cha dereva kinasoma ngapi?"

"Shuka kwanza."

"Nimekwambia usinifiche. Kinasoma ngapi?"

"Sifuri."

Shangazi Waya alikuwa na kilo themanini na mbili. Alikuwa amekaa.

Na chini ya viganja vyake, injini ikiwa imezimwa, fyuzi ikiwa mfukoni, usukani ukazunguka kidogo. Kushoto. Kulia. Kwa upole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Mgongoni hakuhisi baridi. Alihisi joto. Joto la yule msaidizi aliyekalia kiti kile kabla yake na hakuwa ameondoka, na sasa alikuwa amempakata.

Alijaribu kuinuka, mwili haukumjibu. Mguu wake wa kulia ukaanza kuinuka kwenye breki, na si yeye aliyekuwa anauinua.

Kibonge hakungoja kuambiwa. Aliitupa laptopu kwenye lami, akamshika dada yake kwapani, akamvuta kama anavyovuta mlango uliobonyea, kwa nguvu zote za mwili wake mkubwa. Walianguka pamoja kwenye majani. Kisha akaenda mbele ya gari, akazing'oa nyaya za betri kwa mikono mitupu, akarudi kuikanyaga laptopu mpaka ikawa vipande.

Usukani uliendelea kuzunguka muda mrefu kidogo. Halafu ukatulia.

*

Magari yote yalinyamaza saa ile ile. Shangazi alizunguka kwa kila mteja, mmoja mmoja, akakiri alichotumia, na kila gari likapelekwa kwa wakala likafungwa kompyuta mpya ya mifuko ya hewa. Wengine walimtukana. Dereva teksi alimtazama tu, akamuuliza, "Alimpata?" na Shangazi akajibu ndiyo, na hawakuongea zaidi.

Kibanda cha chini ya ngazi kimefungwa. Muuza vocha wa jirani anasema alimwona Mtaalamu jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, yumo ndani ya gari, kiti cha abiria cha mbele, kioo kimeshushwa, uso umejaa furaha. Alimpungia mkono. Shangazi alimuuliza nani alikuwa anaendesha. Muuza vocha alifikiri sana, akasema jamani, hilo hakuliangalia.

Gereji inaendelea. Shangazi anatumia programu halali sasa, wanachangia mafundi wanne. Lakini kuna jambo wakala mwenyewe ameshindwa kulieleza. Lilianza kwenye gari jipya kabisa, lenye nailoni bado kwenye viti, ambalo halijawahi kuguswa na waya wa mtu. Shangazi alikaa kiti cha abiria, mkanda hajafunga, gari likaondoka, na taa haikuwaka. Wakambadilishia kiti. Wakambadilishia gari. Akikaa mtu mwingine yeyote, kengele inalia. Akikaa yeye, gari linakwenda kana kwamba kiti kile hakina mtu. Fundi wa wakala alicheka, akasema labda mama amepungua mwili.

Kibonge hakucheka. Kila wakisafiri pamoja, kabla ya kutia gia, humwinamia dada yake, akamfunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe, akauvuta kuhakikisha umeshika. Kisha humshika kifundo cha mkono, anatulia, anatafuta mapigo.

Mwanzoni alikuwa anayapata mara moja. Siku hizi wanakaa pale muda, gari limezimwa, hawasemezani, mpaka ayapate.